Mistari Isiyouma

Mtaa mzima ulimwita Mkono Chuma, na msusi mwenyewe alilipenda jina hilo. Alisukia watu sebuleni kwake, karibu na dirisha kubwa. Ukutani palikuwa na kioo, na kwenye msumari yalining'inia mafungu ya rasta nyeusi, nywele za bandia za kusukia. Mteja alikaa chini kwenye mkeka, msusi akambana kichwa katikati ya magoti, kazi ikaanza.

Sifa yake ilikuwa kukaza. Mistari yake haikulegea upesi. Aliivuta kutoka kwenye paji la uso mpaka nyusi zikapanda juu. Mteja akitoka pale, alionekana kama mtu aliyepewa habari za kushangaza.

"Inauma?" msusi aliuliza kila mara.

"Inauma sana!"

"Basi umependeza."

Wote wakacheka. Walijua kwamba usiku huo watameza dawa ya maumivu na kulala kifudifudi. Vipele vikitoka kwenye ukingo wa nywele, msusi alivionyesha kwa fahari.

"Hivyo ni vya upya," alisema. "Kazi imeshika."

Kichwa alichokisuka mara nyingi kuliko vyote kilikuwa cha binti yake. Binti huyo aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Mtoto wa msusi atatembeaje na nywele timutimu? Kichwa chake kilikuwa tangazo la biashara. Alipokuwa mdogo, Kidoti alilia akisukwa. Sasa alikuwa msichana mkubwa wa sekondari. Hakulia tena, aling'ata tu kola ya fulana yake.

Jumamosi moja alikuja kusukwa akiwa amefunga kitambaa kipana kichwani.

"Vua hicho kitambaa," mama yake alisema.

"Mama, leo nisisukwe."

"Usisukwe? Watu wataniambiaje? Vua, mwanangu, nina wateja."

Kidoti akavua, macho chini. Msusi akashika kitana ili apasue njia juu ya sikio. Kitana kikateleza. Hapakuwa na nywele za kupasua. Palikuwa na ngozi tupu, upana wa vidole viwili. Akamgeuza upande wa pili. Kulikuwa vilevile.

Msusi akashtuka. "Tangu lini?"

"Zilipungua kidogo kidogo, mama, na nilipofumua mara ya mwisho zikang'oka. Ndiyo maana nafunga kitambaa. Shuleni wananiita Babu."

Msusi akaweka kitana chini. Siku hiyo hakumsuka.

Labda ni yale mafuta mapya, aliwaza. Labda ni sabuni. Labda ni mambo ya kurithi, maana shangazi yake naye ana paji pana. Hakuwa na hakika, na jambo lile likamnyima raha. Akataka kujua. Tangu hapo, kabla ya kugusa kichwa cha mteja, alikigeuza kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta chawa?" wateja walimtania.

Aliyoyaona yalimshangaza. Mteja wake mkubwa alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Mama Maridadi. Alinunua mafuta ya bei, jeli ya bei, kila chupa iliyotangazwa. Alikuja mara kwa mara, na kila mara alisema, "Kaza!" Lakini ukingo wa nywele zake ulikuwa umerudi nyuma sana. Pale palipokosa nywele, alichora kwa wanja.

Kisha akaja muuza mboga, Mama Polepole. Msusi hakumpenda sana mteja huyu, kwa sababu alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini nywele zake zilijaa mpaka kwenye paji la uso.

"Dada, unapaka nini?" msusi aliuliza.

"Mafuta yoyote nikiyapata. Na kelele."

"Kelele?"

"Ukinibana si napiga kelele? Mpaka unalegeza. Umesahau?"

Mama Polepole akacheka. Msusi hakucheka. Aliweka rasta mkekani, akautazama tena ukingo ule.

Jioni hiyo alimshika Kidoti mkono, wakaenda kwa jirani. Jirani huyo alikuwa nesi wa kliniki ya ngozi.

"Nitakwambia kweli, usinikasirikie," nesi alisema. Akakamata kishungi kidogo cha nywele za msusi, karibu na sikio. Akakivuta kidogo, asikiachie. "Unywele una mzizi ndani ya ngozi. Ukivutwa muda mrefu..."

"Jirani, unaniumiza."

"...mzizi unaumia. Unywele unang'oka. Ukiota tena, unavutwa tena..."

"Niachie basi!"

Nesi akamwachia. "Umevumilia kidogo tu. Wateja wako wanavumilia wiki nzima, kichwa kizima. Mwishowe mzizi unakufa. Panabaki kovu, na nywele haziwezi kuota kwenye kovu."

"Na vile vipele vya upya?"

"Havina upya wowote. Ngozi imeumia."

Msusi akamvuta Kidoti karibu. "Na mwanangu? Zake zimekufa?"

Nesi akamsogeza Kidoti kwenye taa. Akapapasa juu ya sikio, akatazama kwa makini. Kidoti alifumba macho.

"Ngozi ikiwa laini, inang'aa, haina vitundu, nywele ni vigumu kurudi," nesi alisema. "Hapa vitundu bado ninaviona. Sogea, mama. Unaona?"

Msusi akainama. Aliviona vinywele vyembamba, vifupi, vimelala kwenye ngozi. Machozi yakamtoka mbele ya mtoto.

"Nisamehe, mwanangu. Ni mkono wangu huu."

"Sasa mpumzishe," nesi alisema. "Asibanwe, asivae rasta nzito. Dawa ya kulainisha nywele asipakwe, maana inazidhoofisha, na zikivutwa zinakatika upesi. Mlete kliniki tumpime. Itachukua miezi, muwe na subira."

"Na mimi niache kazi?"

"Nani kakwambia uache? Suka, ila usikaze. Zile nywele changa za ukingoni ziache nje. Mteja akisema inauma, fumua palepale. Asiende kumeza dawa. Akitoa mistari, apumzike kwanza kabla ya kusuka tena. Na akiona vipele au usaha, aje kwetu."

Wiki hiyohiyo Mama Maridadi alikuja. Alikuwa amealikwa harusini.

"Kaza! Leo umeugua mkono?"

Msusi akamwonyesha ukingo wake kwenye kioo, akamweleza yote. Mama Maridadi akakasirika. Alichukua rasta zake, akaenda kwa msusi mwingine. Msusi alisononeka, kwa sababu alikuwa amepoteza mteja na rafiki. Lakini Mama Polepole alisimulia habari zile sokoni, na wauza mboga wakaanza kuja mmoja mmoja. Baada ya muda mrefu Mama Maridadi naye alichungulia mlangoni.

"Bado una ile mikono milegevu?" aliuliza. Kisha akaingia, akakaa mkekani.

Miezi ilipita. Nesi aliendelea kumwangalia Kidoti kliniki. Juu ya masikio nywele zilirudi, kwanza laini, kisha zikajikunja vizuri. Kitambaa kilibaki kabatini. Asubuhi moja Kidoti alileta kitana mwenyewe.

"Mama, nesi amesema sasa naweza. Nisuke."

"Una hakika?"

"Nataka."

Akakaa katikati ya magoti ya mama yake. Msusi akapasua njia, akaziacha nje nywele changa za ukingoni. Alisuka bila kuvuta. Alipofika juu ya sikio akasita.

"Inauma?"

Kidoti hakujibu.

"Mwanangu, inauma?"

Kimya. Msusi akainama kumtazama usoni. Kidoti alikuwa ameegemea goti lake, mdomo wazi, usingizi mzito. Miaka yote ya kazi yake, msusi hakuwahi kuona mtu akilala kwenye mkeka ule. Akaendelea kusuka taratibu, asimwamshe.