Aliomba Maji kwa Lugha Yetu

Siku chuo cha Marlow kilipotangaza kujenga uwanja wa mpira katikati ya mji wa Louisville, Marekani, kiliwaalika hata wale waliokuwa wanabomolewa. Hema jeupe lilisimamishwa mbele ya jengo la matofali ambalo Warundi wa South End walilipanga kwa ibada miaka tisa. Kahawa ilikuwa bure, wapiga picha tele. Wazee wa kanisa walipewa viti vya mbele na vidude vya kuvaa masikioni, ili wasikie kwa Kiswahili safi namna watakavyohamishwa.

Aliyewatafsiria ni Teopista, binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila kule Kigoma. Siku hiyo alivaa sketi ya kitenge cha bluu iliyomkaa kiunoni barabara na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Mkalimani haongezi wala hapunguzi, na akitafsiri husema "mimi" mahali pa yule anayezungumza. Ndivyo walivyoapishwa. Kwa hiyo Kocha Dunning, mkuu wa timu ya chuo, aliposimama na kifua chake mbele, Teopista naye alisema kwa sauti yake laini: "Mimi nawaahidi, uwanja huu utakuwa nyumba ya watoto wenu."

Mzee Sylveri, katibu wa kanisa, alipiga makofi mpaka miwani ikamteleza. Maneno ya mzungu hakuyaelewa, lakini ya Teopista aliyaamini.

Hotuba zilipokwisha watu walisukumana kuelekea kwenye kahawa. Mtu akamkanyaga Teopista kisigino, kiatu kikamvuka. Aligeuka na matusi yakiwa tayari mdomoni.

"Pardon, dada! Pardon sana." Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ndani ya suti nyekundu ya michezo yenye nembo ya chuo. Aliinama akaokota kiatu. "Ni wewe ulikuwa unasema mu masikio yangu?"

"Kwani wewe mzee wa kanisa? Vile vidude vilikuwa vya wazee."

"Niliiba moja. Kingereza ya boss naisikiaka kila siku, imenichokesha. Nilitaka kusikia Kiswahili. Yako iko safi, kama ya redio."

"Na yako imevunjikia wapi?"

"Ilitoka Minembwe nzima, kule Kongo juu ya milima. Ilivunjika mu njia." Akacheka, naye Teopista akajikuta anacheka. "Naitwa Semahoro. Niko kocha musaidizi."

"Basi lete kiatu, kocha msaidizi. Watu wanatuangalia."

"Lete namba kwanza."

"Hiyo biashara ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

Akampa namba akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Tangu hapo simu haikupoa. Kila mchana, Teopista akiwa mapumzikoni na Semahoro akisubiri wachezaji wabadili nguo, walikuwa hewani.

"Redio yangu, leo habari gani?"

"Habari ni kwamba mtangazaji ana njaa."

"Bon, nakuja na sambusa. Za nyama ao za dengu?"

"Zote. Na usile njiani kama juzi."

Walipanda kilima cha Iroquois Park Jumapili baada ya ibada, yeye kwa gauni la maua, mwanaume bado na ile suti nyekundu, kana kwamba hakuwa na nguo nyingine duniani. Mama yake Teopista, Florida, alimkagua siku moja mezani, akamwita binti jikoni. "Ana adabu," alisema. "Ila anacheka sana. Mtu anayecheka hivyo mtazame akinyamaza." Mwezi wa kumi na mbili wazee wa Semahoro wangekuja kujitambulisha. Dunning alikuwa amemwahidi kwamba uwanja ukifunguliwa atapewa timu ya pili awe kocha mkuu. Kila alipopita pale mjini, matofali ya kanisa yakiangushwa, kijana aliona kiti chake kinajengwa.

Mwezi wa nane joto lilikuwa la kuua. Redio na magazeti vikasema mchezaji mmoja wa Marlow ameanguka mazoezini, yuko hospitali, anaendelea vizuri.

"Kimetokea nini huko kwenu?" Teopista aliuliza.

"Ah, jua tu, sheri wangu. Mutoto hakukunywa maji."

Akaamini. Kwa nini asiamini?

Siku nyingi Teopista alifanya kazi kwa simu, amejifungia ndani ya kabati la nguo, kiti kidogo katikati ya makoti, kwa sababu pale ndipo penye kimya. Mwezi wa kumi ikaingia simu kutoka Columbus. Wakili alikuwa anachukua maelezo kwa ajili ya kamati ya uchunguzi ya chuo, yanarekodiwa. Mwanamke aliyehojiwa aliitwa Nyirabeza, mama wa kijana Kalisa, yule mchezaji aliyeanguka. Teopista akajitambulisha, akaanza kugeuza Kiswahili chake kuwa Kiingereza, neno kwa neno.

"Mutoto wangu alichelewa kwa mazoezi, kazi ya kupakia mizigo ku dépôt ilimuchelewesha," mama alisema. "Kocha mukubwa akasema akimbie, azunguke kiwanja mara makumi tatu. Yeye akaenda zake kwa kivuli."

"Nani alibaki na filimbi?" wakili aliuliza.

"Kocha mudogo. Mutu wa kwetu, wa Minembwe. Semahoro."

Hapo ndipo sheria ilimtaka Teopista aseme: namjua mtu huyu, tafuteni mkalimani mwingine. Mdomo aliufungua. Lakini mama kule alikuwa ameanza kulia, na Teopista, tuseme ukweli, alitaka kusikia. Akabaki.

"Mutoto wangu aliomba maji kwa luga yetu, Kinyamulenge. Kingereza ilikuwa imemutoka. Wazungu hawakusikia. Ule alisikia! Akamujibu kwa luga yetu: bado mbili. Mutoto akazunguka moja, akaanguka. Leo figo zake zimekufa, mashini ndiyo inamusafishaka damu. Sitaki ule mutu akaribie tena mutoto wa mama yeyote."

Na Teopista, amekaa chini ya koti lake la kuendea harusi za watu, akasema kwa Kiingereza, polepole, sauti haitikisiki: mwanangu aliomba maji kwa lugha yetu. Sitaki mtu huyo akaribie tena mtoto wa mama yeyote. Simu ilipokatika alikaa mle kabatini mpaka mama yake akaja kubisha.

Kwa kiapo chake hakuruhusiwa kutamka alichosikia. Alichoweza ni kungoja Semahoro aseme mwenyewe. Akamngoja wiki tatu. Alimpa kila nafasi: mezani, kilimani, ndani ya gari.

"Kocha, huna kitu unataka kuniambia?"

"Ninacho. Nakupenda."

"Kingine?"

"Nakupenda sana. Unataka niseme na Kifaransa?"

Alikuwa anacheka. Teopista alimchukia kidogo siku ile, na alimpenda vile vile.

Mwezi wa kumi na moja kamati ikakaa. Semahoro alivaa suti ya kijivu aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya wazee wake kuja. Waliwasha maelezo yaliyorekodiwa, na badala ya sauti ya mama wa watu akasikia redio yake. Sauti ile ile ya sambusa. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. Dunning akasimama, akasema alitoa adhabu ya kawaida tu, msaidizi ndiye aliyezidisha. Picha ya Dunning ilikuwa tayari imebandikwa kwenye mabati yote yaliyouzunguka uwanja mjini, futi ishirini kwenda juu. Kamati ikaona ni rahisi kumfukuza asiyekuwa na picha.

Simu ya Teopista ililia jioni ile.

"Ilikuwa wewe."

"Kocha, nisikilize..."

"Ulisema mimi! Mimi sitaki ule mutu. Kwa mdomo yako!"

"Ni kazi. Unajua tunavyosema, ulinikuta nikisema."

"Wiki tatu ulijua. Ulikula na mimi, ulilala mu bega yangu kule kilima. Hukuweza kunishitua?"

"Nimeapa. Siruhusiwi."

"Donc wao ndio bwana yako. Hii redio naizima."

Akaizima kweli. Namba haikupatikana tena. Wazee hawakuja, na mama Florida alizirudisha sahani alizokuwa ameazima kanisani bila kuuliza neno.

Mwezi wa kwanza Teopista alipata habari kwamba yuko Buffalo, kwa dada yake Uwineza, anapakia maboksi. Akaazima gari la mama yake, akaendesha siku nzima. North Buffalo ilikuwa imezikwa na theluji mpaka kwenye vibaraza. Mlango ulifunguliwa na mtu aliyevaa fulana ya kazi ya manjano, ndevu hazikunyolewa. Suti nyekundu haipo tena. Walitazamana, kisha yule mwanaume akalia kama mtoto, hapo hapo mlangoni, baridi ikiingia ndani.

Uwineza aliwawekea chai akatoka, akawaachia sebule.

"Nilikosa," Semahoro alisema. "Nilifikiri sana. Ile maneno haikuwa ya kwako. Nilijua tangu siku ya kwanza vile munasemaka, na nilisahau. Unisamehe."

"Hilo nilikusamehe zamani."

Akapiga goti kwenye zulia la dada yake. "Basi tuoane, sheri. Wazee wangu wako tayari. Turudi hata Louisville, nitafanya kazi yoyote."

Mungu anajua alivyotaka kusema ndiyo. Ndilo alilolifuata barabara yote ile. "Inuka kwanza," alisema. "Mimi nilikuwa nimeapa. Wewe nani alikufunga mdomo?"

"Avocat wa chuo. Alituambia tusiongee na ile famille."

"Na kabla ya wakili? Siku unaniambia mtoto hakunywa maji?"

Semahoro akainuka, akaketi, akakizungusha kikombe cha chai.

"Wazungu wamempeleka mama yule kwa mkalimani kwa sababu hawana lugha. Wewe unayo. Ungempigia tu simu."

"Ule mutoto nilimusikia," Semahoro alisema, macho sakafuni. "Aliniita kaka. Dunning alikuwa ananiangalia toka kwa kivuli. Nikafikiri ile timu ya pili, nikafikiri nikionekana niko mulaini sitapewa. Nikasema bado mbili. Mbili tu, Teopista."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Hayo uliyoniambia mimi, kamwambie mama yake. Kesho napita Columbus. Ukimwambia, nitakuwa mke wako. Usipomwambia, sitaweza."

"Nitamuambia."

Waliondoka asubuhi. Njiani walikuwa wapenzi tena: Semahoro alimmenyea machungwa, akamtania uendeshaji wake, akamwimbia nyimbo za kwaya za kule milimani. Muda wa saa tano barabarani. Teopista alihifadhi kila dakika, kana kwamba hazitarudi.

Uwineza, anayejuana na watu wote wa milimani waliotawanyika Amerika, ndiye aliyewapa anwani. Zilikuwa nyumba za ghorofa mbili zenye ngazi za nje, na mlango wa Nyirabeza ulikuwa chini, zulia la miguu limewekwa vizuri. Dirishani aliketi kijana aliyefunikwa blanketi, mkono mmoja umefungwa bandeji pale mashine inapoingilia. Alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni.

Semahoro alishika kitasa cha mlango wa gari.

"Akinifukuza?"

"Atakufukuza. Wewe utakuwa umesema."

Dakika zikapita. Mama akatoka na mfuko wa takataka, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani, akautupa, akakung'uta mikono, akalitazama gari lisilojulikana. Akarudi ndani.

"Tushuke wote," Semahoro alisema. "Wewe ndiyo unajuaka maneno. Unisemee."

Teopista alimtazama. Kama angesema anaogopa, wangekaa pale hadi kesho na angemshika mkono. Lakini alitaka kusemewa.

"Hapa hakuna Kiingereza, Semahoro. Hakuna cha kutafsiri."

"Siku ingine basi. Nikiwa tayari. Siku ingine, nakuapia."

Teopista aliwasha gari, akampeleka kituo cha mabasi. Alimkatia yeye mwenyewe tiketi ya Buffalo, akamfunga skafu shingoni, akambusu shavuni. Hawakugombana. Kisha akaendesha hadi Louisville huku analia, wanaume wenye malori wakimpita na kumpigia honi.

Uwanja ulifunguliwa msimu uliofuata. Kioo na chuma, taa mpaka mtoni, na pale ilipokuwa madhabahu ya Warundi pakawa duka la kofia. Wazee walialikwa tena na wakasema hawamtaki mkalimani mwingine ila binti yao. Teopista akaenda, sketi ile ile ya bluu. Dunning alisimama kati ya maua.

"Vijana hawa nimewalea kama wanangu," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniomba kitu nikamnyima."

Teopista alinyamaza. Wazee wakageuka, Mzee Sylveri akakigonga kidude chake kwa kidole. Msimamizi wa kampuni iliyomwajiri alikuwa amesimama pembeni akimtazama, na Teopista akaliona jicho lile, akaona kiti chake cha kesho.

"Mimi," alisema kwa sauti laini, "hakuna aliyewahi kuniomba kitu nikamnyima."

Mzee Sylveri akapiga makofi.

Watu walipokimbilia chakula alitoka nje ya uwanja, akapiga simu Buffalo. Ilipokelewa mara moja.

"Redio?"

Teopista aliugeuzia mlango mgongo. Kisha akasema, "Leo nimekuelewa. Na mimi nilikuwa naangaliwa."

"Sheri... nikuje?"

"Ya mtoto yule sijakusamehe. Wala mimi mwenyewe sijajisamehe." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Usije huku. Nenda Columbus."

Akakata simu, akarudi ndani kuvikusanya vidude kutoka masikioni mwa wazee.