Meza Iliyofupishwa na Hasira

Seremala alikuwa hajielewi. Tangu mama yake afariki, jambo dogo tu linamwasha. Chai imepoa, anafoka. Kijiko kimeanguka, anafoka. Halafu anabaki ameduwaa, hajui hata alikuwa anataka nini.

Jioni moja alirusha sahani ukutani. Binti yake akakimbilia chumbani, akajifungia.

"Mwanangu ananiogopa," alimwambia mkewe. "Mimi! Nimekuwa nani, mama watoto?"

"Hata mimi sijui. Ila tukiendelea hivi, nampeleka mtoto kwa mama yangu."

Kesho yake hasira zilimpanda tena, akiwa karakana. Akaona azimalizie kwenye kazi. Alikuwa anatengeneza meza ya kulia ya nyumbani. Akashika msumeno, akakata mguu mmoja bila kupima. Ukawa mfupi. Akapunguza wa pili, ukapitiliza. Akarudi kwenye wa kwanza, kisha ile mingine. Lo! Alipokuja kutulia, meza ilikuwa inamfika magotini.

Jirani yake, muuguzi wa zahanati, alichungulia mlangoni.

"Fundi, hiyo meza au kigoda?"

Seremala alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Unalia nini, kaka?"

"Sijui, dada. Kweli sijui."

"Mama yako ulimlilia?"

"Saa ngapi? Nilikuwa nashughulikia mazishi."

"Basi ndiyo hiyo. Huzuni uliifungia ndani, sasa inatoka kama hasira. Kukasirika si kosa. Kosa ni kuwamalizia hasira watu wa nyumbani. Ukiona inapanda, waage, toka, vuta pumzi taratibu. Kisha ipe mikono kazi, lakini kazi isiyotaka vipimo. Randa mbao ghafi. Ukitulia, sema kinachokuuma. Ukizidiwa, njoo zahanati tuzungumze."

Jioni chai ikaja imepoa. Hasira zikaanza kumpanda. Seremala akainuka.

"Natoka kidogo. Si kosa lenu."

Wakasikia randa inavyokwenda huko nje. Aliporudi, jasho linamtiririka, alisema tu, "Nimemkumbuka mama."

Mkewe akamshika mkono. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo.

Zipo siku bado anachanganyikiwa, lakini sahani zimepona. Meza ile fupi aliichukua binti. Juzi aliiburuta mwenyewe hadi karakana, akaiweka karibu kabisa na baba yake.

"Baba, ukimaliza kukasirika, nitengenezee na kiti."

"Nimeshamaliza, mwanangu."

Akachukua futi. Safari hii alipima kwanza.