Jaji Hakuweza Kutunga Sheria

Kila asubuhi Verna Stidham hupaka siagi ya karanga kwenye mikate ya watoto wawili. Akimaliza ndipo anapokumbuka kwamba amebaki mmoja. Mkate wa Callie huula mwenyewe, amesimama, bila hamu.

Callie alifia usingizini wakati wa baridi, akiwa na miaka tisa. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa na ufa, likatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya zamani, haina king'ora cha kugundua hewa hiyo na kuwaamsha. Verna, mumewe Dwight na mtoto mdogo walizinduka hospitalini.

Walimshtaki mwenye nyumba. Jaji Amsden aliwasikiliza, kisha akasema polepole, "Sheria ya jimbo letu inadai king'ora kwenye nyumba mpya tu. Mama, nakuhurumia. Lakini siwezi kumwajibisha mtu kwa sheria ambayo haipo."

Mahakama ya rufaa nayo ikasema hivyo hivyo.

"Jaji kanunuliwa yule," Dwight alisema.

Jirani yao Lorene, mwalimu mstaafu wa uraia, alikuwa amewaletea supu ya maharage. "Hapana, Dwight," alisema. "Bunge la jimbo linatunga sheria. Gavana anazitekeleza. Mahakama inazisoma na kuamua. Jaji akitunga sheria leo kwa kukuhurumia wewe, kesho atatunga nyingine kwa kumpendelea tajiri."

"Kwa hiyo mwanangu kafa hivi hivi?" Verna aliuliza.

Lorene alimsogezea bakuli la supu. "Tuliingia mlango usio wenyewe, mwanangu. Twende bungeni."

Wakaenda makao makuu ya jimbo, wakarudi, wakaenda tena. Siku Verna alipoitwa mbele ya kamati, mbunge mmoja alimwuliza, "Unataka tukufanyie nini?"

"Wangu hataamka," alijibu. "Nataka wa wenzangu waamke."

Bunge likapitisha sheria: kila nyumba ya kupanga, mpya au kuukuu, iwe na king'ora. Gavana akatia saini, akatuma wakaguzi.

Wenye nyumba wakakimbilia mahakamani. Walidai sheria ile inavunja Katiba. Kesi ikaangukia kwa Amsden.

"Huyu huyu?" Verna alinong'ona. "Anaweza kuifuta?"

"Akiona inavunja Katiba, anaweza," Lorene alisema. "Hata bunge lina mipaka yake."

Amsden alisoma hukumu bila kumtazama mtu. "Bunge lina mamlaka ya kulinda uhai wa watu. Sheria inabaki."

Dwight alimgeukia Lorene. "Basi na kesi yetu itafunguliwa upya?"

"Hapana, baba. Sheria hii inaanzia ilipopitishwa. Hairudi nyuma."

Dwight alitoka, akajifungia ndani ya gari. Verna alimwacha alie.

Baridi iliyofuata, king'ora kililia kwenye nyumba kuukuu mtaa wa pili. Verna alikimbilia huko, akakuta mama na watoto wake wamesimama kwenye theluji, wamejifunika mablanketi. Wote walikuwa hai.

"Nikupokee huyo mdogo?" aliuliza.

Mama yule alimpa. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Verna alimkumbatia, wala hakumbembeleza anyamaze.