Ubeti wa Mwanahawa

"Nani kafuta sauti yangu?!"



Irene kainamia kompyuta. Pazi kakaa chini, mgongo ukutani, anaangalia soksi zake tu...

"Oya, nauliza! Ubeti wa dada yangu uko wapi?!"

"Nimeufuta mimi," Pazi akasema.

Washkaji, damu ilinipanda mpaka masikioni. Ngojeni niwaeleze, halafu mnihukumu vizuri.

Naitwa Abeid. Napiga gitaa kwenye bendi ya rock hapa Moro. Ndiyo, rock! Mji mzima unataka singeli, sisi watatu tumekomaa na magitaa yetu. Irene anapiga drams na ndiye anayerekodi, kwenye chumba cha uani kwao Kihonda, ukutani tumebandika trei za mayai kuzuia kelele. Pazi ndiye mwimbaji. Mshkaji wangu tangu darasa la tatu.

Tuna sheria yetu. Ukileta wimbo, unauacha mezani, wewe unatoka nje. Wenzako wanaukata, wanauongeza, wanaugeuza, na wewe unakaa nje hata kwa saa mbili nzima. Mwenye wimbo akibaki ndani atautetea kila neno, kazi haiendi. Na kila kitu kinakaa kwenye diski moja tu, hakuna kopi, maana wimbo wetu mmoja ulishawahi kuvuja.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Nicheke au nilie?

Wimbo wenyewe ulikuwa wa dada yangu, Mwanahawa. Masika ya mwaka juzi alikuwa anarudi kutoka Mlali kwa bibi, akavuka mto umefurika. Tulimpata siku ya pili, huko chini kwenye mashamba ya watu. Tangu hapo mama ana swali moja: mwanangu alisema nini mwishoni? Nani angemjibu? Tulijua alikuwa peke yake.

Nikaandika ubeti: *Ulikwenda peke yako, hakuna aliyekushika mkono.* Nikauimba mwenyewe, nalia. Mama akawa anausubiri wimbo utoke.

Nikauacha mezani, nikatoka nje kama sheria inavyosema, narudi Pazi kaufuta!

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Si kweli."

"Nini si kweli?"

"Huo ubeti. Nimeimba mwingine. Kaa usikilize, Abeid. Tafadhali."

"Mwanahawa ulizaliwa naye wewe?!"

"Sikiliza kwanza, ndugu yangu..."

Akaninyooshea hedifoni. Mimi niliona kiburi tu, jamani. Nikasema huyu anataka kila kitu kiwe sauti yake, hata msiba wangu!

Nikachomoa diski.

"Abeid, usi...!" Irene akapiga kelele.

Nikaipigiza sakafuni. Nikaikanyaga na kiatu, tena na tena, mpaka ikapasuka.

Pazi hakunipiga. Hata kunitukana hakunitukana. Akaviangalia vile vipande, akavaa viatu vyake, akatoka.

Irene analia.

"Unajua umevunja nini?"

"Wimbo wangu!"

"Alikuwepo, Abeid."

"Nani?"

"Pazi. Siku ile mtoni, alikuwepo."

Nikakaa palepale sakafuni.

Irene akanisimulia alichokisikia kwenye ule ubeti mpya. Pazi na dada yangu walikuwa wanapendana mwaka mzima, kwa siri, wananiogopa mimi. Siku ile walivuka pamoja. Maji yakawazidi. Pazi alimshika mkono, gogo likaja likampiga begani, akamwachia. Akatoka majini akakimbia. Na mazishini alibeba jeneza pamoja na mimi! Miaka miwili kanyamaza, ila ule ubeti wangu ulimshinda.

"Mwishoni aliweka maneno ya Mwanahawa," Irene akasema. "Aliyomwambia palepale majini."

"Maneno gani?!"

"Alipofika hapo sikuweza kuendelea kusikiliza. Nilivua hedifoni, nikaacha inarekodi yenyewe."

Nilipanda bodaboda mpaka Kingolwira, kwa kina Pazi. Nikamkuta anafunga begi. Mama yake, Bi Shamsia, kasimama mlangoni haelewi kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mmegombana nini nyie? Mwenzako haongei."

Nikampita. Nikaingia ndani.

"Pazi, nisamehe. Niambie alisema nini."

"Nilishasema."

"Sema tena, nakuomba! Mama anasubiri!"

Akavuta zipu ya begi. Macho yake mekundu.

"Imenichukua miaka miwili kuyasema mara moja, Abeid. Nikakupa usikilize. Ukakanyaga."

Akanipita na begi lake. Miezi minne sasa namba yake haipatikani, na Bi Shamsia naye hajui mwanawe aliko.

Wenye bendi, wenye vikundi, hata wenye ndoa, naomba mnisikie. Mwenzako akigusa kazi yako ukaumia, umia, ni haki yako. Ila sikiliza alichoweka kabla hujakivunja! Mimi nilijiona nimeporwa msiba wangu, kumbe na yeye alikuwa anauguza msiba huohuo, kimyakimya, pembeni yangu. Najilaumu kila siku.

Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi?

Jana kaniuliza, "Abeid, wimbo wa dada yako unatoka lini?"

Nikamwambia bado tunarekodi.