Alisoma kwa Masikio

“Soma basi, Fundi. Mbona umenyamaza?”

“Nasoma.”

“Unasoma au unashona?”

Nilikuwa nasoma. Tatizo ni kwamba shule niliishia darasa la tano, na barua za chuo zina maneno marefu kama foleni ya maji. Yeye alikuwa amesimama kando ya cherehani yangu, uso ameuelekeza ukutani. Mimi humwita Mwalimu, kwa sababu anasomea ualimu. Macho yake yanakufa taratibu tangu akiwa na miaka kumi na saba. Katikati ni giza, pembeni ni ukungu. Daktari alishasema hayarudi.

“Ombi lako...” Nikarudi mwanzo wa mstari. “Ombi lako la karatasi za mtihani zenye maandishi makubwa, msomaji, na muda wa ziada, limekataliwa.”

“Rudia.”

“Mwalimu...”

“Rudia!”

Sikurudia. Nikasoma sababu, labda ingekuwa na nafuu.

“Katika tathmini iliyofanyika ofisini, mwombaji ametembea, ameketi na amesoma bila msaada wowote.”

Akacheka kicheko kisicho na furaha. Ilikuwa Jumatano. Mitihani inaanza Jumatatu. Mwaka uliopita alifeli masomo mawili kwa sababu hakuyaona maswali, akajibu kwa kubahatisha. Akifeli tena, chuo kinamwondoa. Chini ya barua waliandika kwamba rufaa zinapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Na kosa tulilifanya wenyewe.

Siku ya tathmini tulingoja kwenye benchi nje ya ofisi. Ukutani palibandikwa karatasi ya mfano, ile ile anayopewa mwombaji aisome. Akaniambia, “Nisomee.” Nikamsomea mara mbili, polepole kama ninavyosoma mimi. Kichwa chake ni sumaku. Tulipoitwa, nikamshika mkono kama kawaida yetu: nikiminya mara moja kuna ngazi, mara mbili kuna kiti, nikikwaruza kiganja kuna mtu mbele. Miaka miwili tunatembea hivyo, na wapita njia wanadhani ni mahaba tu. Ofisa akampa karatasi. Mwalimu akaitamka yote kwa kumbukumbu mpaka nukta ya mwisho, tena kwa tabasamu.

“Kwa nini uliisoma?” nilimuuliza sasa.

“Kwa nini ulinisomea?”

“Si wewe ulisema nikusomee!”

“Nilisikia pumzi za watu mle ndani, Fundi. Wananingoja nishindwe. Nimeficha tangu sekondari. Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata nyuma.”

“Twende tukaeleze.”

“Tueleze nini? Kwamba nilikwenda kuomba msaada, halafu nikadanganya ili nionekane siuhitaji? Hata kichaa atatucheka.”

Akaondoka akipapasa fremu ya mlango.

Jioni simu yangu ikalia. Ujumbe wa dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki:

“Wifi, au niseme fundi tu, maana sijui kama uwifi utaendelea. Wewe umemlemaza mdogo wangu kuliko macho yake. Kila kitu unamwekea mkononi. Chuo kingejuaje kwamba haoni? Mwache apumue.”

Kabla sijamjibu, ujumbe wa sauti wa Mwalimu ukaingia. Yeye haandiki.

“Ijumaa nakwenda mwenyewe. Usije. Dada amesema kweli. Nikiwa na wewe nasahau kwamba sioni, na sasa nimeona matokeo yake. Usinipigie.”

Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Alhamisi yote nilishona bila akili. Mteja mmoja alilinyanyua shati lake, akalitazama.

“Binti, kola inafunguka mgongoni. Hili nivae nikiwa natembea kinyumenyume?”

“Nisamehe, baba. Nitalifumua.”

“Fumua na hayo mawazo pia.”

Ijumaa mchana nilifunga duka, nikaenda chuoni. Mimi ni mwoga wa majengo makubwa. Watu wa mle wakinitazama, nahisi wanaona darasa la tano limeandikwa kwenye paji langu. Lakini nilikwenda.

Nilimkuta kwenye korido, amesimama wima, bahasha kifuani, katikati ya foleni ndefu. Mlango wa ofisi tuliyoitaka ulikuwa upande wa pili, hauna hata mtu mmoja.

Nikasogea. Sikusema kitu.

“Harufu ya mafuta ya cherehani,” akasema bila kugeuka. “Nilikwambia usije.”

“Mwalimu, hii ni foleni ya vitambulisho.”

Akageuka upande wangu.

“Tangu lini?”

“Tangu ilipoanza.”

“Nimesimama hapa saa nzima.”

“Kwa nini hukuuliza?”

“Niwaulize watu kwamba sioni bango kubwa kama mlango?”

Nikamshika mkono. Hakuutoa.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, kikombe cha chai kando ya mafaili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ninyi tena? Kuna rufaa gani hapa? Nilimwona kwa macho yangu akisoma mpaka alama za mkato.”

Mwalimu aliibana bahasha kifuani. Nikatazama sakafu.

“Alisoma kwa masikio, mama.”

“Nini? Paza sauti.”

“Nilimsomea mimi, pale nje. Na alipotembea, nilimwongoza mimi kwa mkono. Mpe karatasi nyingine.”

“Fundi, nyamaza,” Mwalimu akanong'ona.

Ofisa alitutazama kwa zamu. Akachomoa karatasi kwenye faili.

“Binti, mwachie. Kasimame dirishani. Na wewe kijana, njoo uketi, usome.”

Alikipapasa kiti, akakalia egemeo la mkono, kikayumba. Kiwiko kikagonga kikombe. Chai ikatambaa juu ya mafaili.

“Samahani, samahani sana...”

“Soma tu.”

Akaipeleka karatasi kwenye jicho la kushoto, akaihamishia la kulia. Pua ikagusa maandishi. Mkono wake mwingine ukatoka taratibu ubavuni, ukitafuta wangu hewani. Nikaifunga mikono yangu nyuma ya mgongo. Mkono ule ulitafuta muda mrefu. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile.

“‘Ta...’” Jasho likamtiririka. “‘Tara...’”

Akaiweka karatasi mezani, kwenye chai.

“Sioni, mama. Sioni tangu zamani.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu mwingine.

Ofisa akashusha miwani, akaifuta, akairudisha kichwani.

“Mwanangu, unajua umenifunga mikono? Tathmini ikishasainiwa, mimi siwezi kuifuta. Inafutwa na kamati, na kamati inakaa baada ya mitihani.”

“Kwa hiyo Jumatatu?”

“Utapewa karatasi kama ya wenzako.”

“Nitafeli.”

“Utafeli,” alisema, wala si kwa ubaya. Nikangoja neno “lakini”. Likachelewa mpaka nikadhani halipo. “Lakini naweza kukupa fomu ya kuahirisha mwaka. Hutafukuzwa. Utapimwa upya, na mwakani utarudia. Wenzako watamaliza, wewe utabaki.”

“Na macho yangu mwakani?”

“Fomu ya hilo sina.”

Alinipa kalamu, kwa kuwa yeye haruhusiwi kumjazia mwombaji. Mwandiko wangu ulitambaa kama kuku aliyekanyaga wino.

“Sababu ya kuahirisha,” nikasoma.

“Andika: sioni.”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu. Usiipambe.”

Nikashuka mstari hadi mstari, mpaka kalamu ikasimama.

“Wanataka mtu atakayekusindikiza chuoni, na uhusiano wake na wewe.”

“Juzi nilikufukuza,” akasema.

“Ulinifukuza.”

“Sina cha kukuahidi, Fundi. Mwaka umeondoka. Macho yanaondoka. Mwakani huenda hata sura yako siijui.”

“Sasa hivi unaijua?”

“Pembeni. Ukigeuka napata sikio na nusu ya shavu.”

“Basi niandike nini?”

“Andika unachoweza kukivumilia.”

Nikaandika. Ofisa akaichukua fomu, akaisogeza kwenye mwanga.

“Mke? Mmeoana lini?”

“Bado, mama.”

“Fomu haipokei mambo ya mbele.” Akakata neno langu, akaandika lingine juu yake, akasaini pembeni.

“Ameandika nini?” Mwalimu akauliza.

Uso wangu uliwaka moto.

“Mchumba.”

Akageuza kichwa upande, kama anavyofanya anapotaka kunipata kwenye ukingo wa macho.

“Mama, na hilo nalo litasubiri kamati?”

“Hilo hapana,” ofisa akasema, akapiga muhuri.

Jumatatu kengele ya chuo ilisikika mpaka dukani kwangu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, suruali ya mtihani ameivaa, sijui kwa nini.

“Wameanza,” alisema.

Nikazima cherehani, nikasogeza kiti changu karibu na chake, tukakaa hivyo mpaka walipomaliza.