Gauni Lisilokauka

Jioni ile nilikwenda kwa dobi kuchukua mashati yangu manne. Jua lilikuwa limebakiza nusu saa kuzama, na hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba ukuta wa duka lake ulitoka matone. Katika mji huu wa joto na unyevu, nguo ni hesabu: pamba nyepesi hukauka kwa saa tano, nzito kwa tisa, na zikipita kumi na mbili koga hushika. Tangu nistaafu nayaandika haya katika daftari. Mke wangu husema nimeoa mizani, yeye ni mke mwenza tu.

Ni kwa ajili yake nililiona gauni lile. Joto lilikuwa likimtesa. Nguo za nailoni zilimjaza vipele mgongoni. Kwenye msumari wa nyuma lilining'inia gauni jeupe la kitani, pana, jepesi, la mikono mirefu. Mikono hiyo ilikuwa imefungwa fundo kifuani, kama ya mtu aliyejikumbatia.

"La nani hilo?"

"Halina mwenyewe, Mzee Mizani," dobi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Mwaka wa tatu huu."

"Basi nipe mimi. Mke wangu anaungua."

Pasi ikafuka mvuke.

"Aliyelileta alisema atalirudia akipoa," akasema taratibu. "Chukua, maana utanisumbua mpaka kesho. Lakini jua likizama, mikono iwe imefungwa."

"Kwa nini?"

"Mzee, wewe una digrii, mimi nina pasi. Funga tu."

Mke wangu alilivaa siku moja mpaka alasiri, akasema ni kama kuvaa upepo, na kabla ya jua kuzama nikalifunga fundo. Asubuhi iliyofuata akalifua. Kulianika ilikuwa kazi yangu, na nikafanya nilichokiona sahihi: sikulifunga. Fundo hushika maji, na maji huzaa koga. Nililitundika kwenye kamba ya chumba cha nyuma, nikanyoosha mikono yote miwili na kuibana kwa vibanio.

Saa kumi alasiri lilikuwa limekauka. Nikalipima: gramu mia nne na kumi.

Jua lilipozama nikasikia kitu kikidondoka sakafuni.

Tone...

Kisha jingine.

Gauni lilikuwa limelowa. Si lote: makwapani, mgongoni, kiunoni. Gramu mia saba na kumi. Nikakagua dari, kavu. Nikainama, nikanusa. Harufu ile naijua kwa miaka arobaini na mmoja.

Lilikuwa jasho la mke wangu.

Nikaenda sebuleni. Alikuwa ameketi, feni ameizima.

"Joto limepungua, mzee wangu," akasema akitabasamu.

Kipimajoto cha ukutani kilisoma thelathini na nne. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu kama karatasi, na wa moto.

Kuanzia hapo nikawapima wote wawili, gauni na mke wangu, mikono nikiiacha bila fundo, maana niliamini vipimo kuliko dobi. Kwa jioni tatu gauni lilikusanya gramu mia tisa. Kwa siku hizo hizo tatu mke wangu alipungua gramu mia tisa. Daktari aliagiza anywe maji kwa wingi. Alikunywa. Siku ya nne hakuweza kusimama, na ulimi ulimganda kwenye kaakaa.

Nikakubali kwamba digrii yangu ilikuwa inamuua.

Jioni hiyo niliingia chumba cha nyuma kabla jua halijazama, nikafunga mlango. Nikasubiri. Kibanio kimoja kikaanguka. Cha pili kikafuata. Dirisha lilikuwa limefungwa, wala hapakuwa na upepo...

Kifua cha gauni kikapanda.

Kikashuka.

Kikapanda tena.

Niliidaka mikono yote miwili. Ilikuwa ya joto, na ilinigomea, kama viganja vya mtu anayekataa kuongozwa. Nikavuta, nikaipitanisha, nikakaza fundo. Pumzi ndefu ikatoka kolani, ikanipiga usoni.

Upande wa pili wa ukuta mke wangu akalalama: "Jamani, joto hili! Nani kaizima feni?"

Nilimkimbilia, nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Kesho yake nilimnong'oneza dobi kwamba nitalichoma. Akaweka pasi chini.

"Umelipima mwenyewe, mzee. Jasho lililomo humo ni la nani? Sasa ukilichoma, unachoma nini?"

"Na mwenyewe je? Yuko wapi?"

Akatazama barabarani kwanza.

"Hajapoa," akasema.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mke wangu anapika, anacheka, anatokwa na jasho kama sisi wote, na hajui lolote. Kila jua linapozama mimi nipo chumba cha nyuma, nimelishika fundo lisifunguke. Nimefunga mizani ya kuning'iniza kwenye mikono ya gauni: wiki ya kwanza ilivuta kilo mbili, wiki hii, tisa. Nguvu ya mikono yangu nayo nimeipima. Ilikuwa kilo kumi na nne. Sasa ni kumi na nusu. Nina miaka sabini na mmoja, na vidole vya kulia vimeanza kukakamaa. Nimechora mistari ya vipimo vyote viwili daftarini, wa gauni ukipanda, wangu ukishuka. Inakutana mwezi ujao, wiki ya pili.

"Mzee wangu!" ameniita sasa hivi kutoka jikoni. "Chakula kinapoa. Unafanya nini huko gizani?"

"Nakuja, mama," nimemjibu, nikiwa nimelikandamiza fundo kwa goti.