Sindano ya Nne

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya masomo, Carine alifagia ofisi ya katibu wa shule yao mjini Likasi na kufuta vumbi jekundu juu ya printa. Printa hiyo ilimzidi umri. Iliandika kwa sindano ndogo tisa zilizogonga utepe wa wino. Katibu, Papa Stanislas, aliitunza kwa sababu moja: ofisi ya ukaguzi ilitaka orodha ya watahiniwa katika nakala tatu za kaboni, na printa za kisasa hazigongi karatasi.

Jumatatu hii orodha ya darasa la sita ilipaswa kuondoka saa nne kwa pikipiki ya Assumani, tarishi wa shule, kwenda ofisi ya ukaguzi. Ilikuwa siku ya mwisho. Mwanafunzi ambaye namba yake ingekosewa hangefanya mtihani.

Saa mbili na nusu ukurasa ukatoka. Papa Stanislas akausogeza dirishani. Mstari mweupe ulipita katikati ya kila herufi, na kila 8 ilifanana na 0.

"Carine, namba yako inaishia na ngapi?"

"808, Papa."

"Hapa wewe ni 000."

Divin, mwanafunzi mwenzake aliyeleta rejista ya darasa, akacheka mlangoni. "Weye Carine haupo tena! Papa, tuipige ngumi kidogo, itasikia."

"Weye nikikupiga ngumi, utajua hesabu?" Papa Stanislas alimjibu.

Divin akafungua rejista.

"Tunabadilisha kitu kimoja, tunajaribu, tunaandika," alisema Papa Stanislas. "Carine, shika kalamu."

Walibadilisha karatasi: mstari ukabaki. Wakachomoa waya na kuuchomeka upya: mstari ukabaki, palepale. Wakaweka utepe wa akiba, uliofifia lakini unaosomeka. Mstari ukabaki. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Nje, Assumani alipiga honi.

"Basi ni sindano ya nne kutoka juu. Haigongi," alisema Papa Stanislas. "Lakini imevunjika au imekwama? Ikiwa imevunjika, leo hatupati nyingine."

Carine aliweka kalamu chini. Tepe mpya hazikuuzwa tena mjini, kwa hiyo ofisi iliujaza upya utepe wa zamani kwa wino uliochanganywa na mafuta mepesi ya mashine. Ijumaa kazi hiyo alipewa yeye. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

"Papa... Ijumaa niliweka wino wa muhuri peke yake. Bila mafuta."

Papa Stanislas alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. "Kwa nini hukusema tangu asubuhi?"

"Niliogopa."

"Basi imekwama. Wino umekaukia ndani."

Alizima printa, akatoa kichwa chenye sindano na kukilaza juu ya kitambaa kilicholoweshwa spiriti. "Dakika kumi."

"Papa, tano zinatosha!" alisema Divin.

"Kumi."

Walipojaribu, mstari ulikuwa umekatikakatika, lakini haukuisha. Papa Stanislas alikirudisha kichwa kwenye spiriti. Assumani akaingia na kofia yake kichwani.

"Papa, miye naenda!"

"Subiri kidogo, Assumani."

Saa nne kasoro dakika nne printa ilianza kugonga tena. Carine alisoma namba arobaini na moja kwa sauti, Divin akizifuata kwenye rejista. 808 ilitoka kamili, na kwenye nakala ya tatu pia. Assumani akatia karatasi katika mkoba na kuondoka mbio.

"Na kama sindano ingekuwa imevunjika?" aliuliza Divin.

"Kukiri kwa Carine kusingeiunga," alijibu Papa Stanislas. "Lakini angesema saa mbili na nusu, tungeisafisha mara moja, tungejua imevunjika, na tungebaki na muda wa kutafuta printa nyingine. Mwanangu, ukweli hautengenezi mashine. Ukisemwa mapema, unatuachia muda wa kuitengeneza."